Si kelele za mashabiki zilizomrudisha Bruce Wayne

Jumamosi iliyopita mpwa wangu aliyeko Morogoro alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye WhatsApp. Kijana ana miaka 19, komiki anazisomea kwenye simu usiku akiwa kitandani, na kila akimaliza hadithi lazima anitafute tuijadili. Safari hii alikuwa amemaliza Knightfall, hadithi ya Batman ya miaka ya 1990 ambamo Bruce Wayne, Batman mwenyewe, anamwachia mwingine vazi. "Anko," akasema, "yule Azrael si walimpa u-Batman, mashabiki wakamkataa, wakapiga kelele mpaka kampuni ikasalimu amri ikamrudisha Bruce? Ndivyo ilivyokuwa, eti?"

Sivyo. Ningemjibu kwa neno hilo moja nikalala zangu, lakini juzi yake mteja aliniambia maneno yaleyale kuhusu Jane Foster, mwanamke aliyepewa u-Thor, na wiki moja kabla ya hapo mwingine aliyasema kuhusu Kyle Rayner, kijana aliyepewa pete ya nguvu ya Green Lantern baada ya Hal Jordan. Huu ni mwaka wangu wa 14 nikiuza komiki hapa Minneapolis. Mimi ndiye ninayejaza fomu ya oda kila mwezi, mimi ndiye ninayefungua maboksi. Na sentensi hii ya "mashabiki walimkataa, ndiyo maana mwenyewe akarudi" nimeisikia mpaka nimeichoka. Leo naijibu kwa kirefu.

Tuanze na kalenda, kwa sababu kalenda haina ushabiki. Toleo moja la kurasa 20 au 22 hupita kwa mwandishi, mchoraji wa penseli, mtia wino, mtia rangi, mwandika herufi na mhariri. Sisi wa madukani hutangaziwa toleo hilo miezi miwili mitatu kabla halijatoka, tunaweka oda, na wiki tatu hivi kabla ya siku ya kuuza tunapewa nafasi ya mwisho ya kubadilisha idadi. Kwa hiyo siku uliyoshika toleo la kwanza la shujaa mpya ukachukia mpaka jasho likakutoka, toleo la tatu liko kwa mtia rangi, la tano linachorwa, na mwandishi keshakubaliana na mhariri wake hadithi inaelekea wapi kwa miezi mingi ijayo. Hasira yako ni ya kweli kabisa. Imefika stendi basi likiwa limeshaondoka.

Halafu hizo takwimu za mauzo mnazorushiana. Naomba mzielewe kabla ya kuzitumia kama silaha. Orodha zilizokuwa zikitolewa kila mwezi za komiki zilizouzwa Marekani hazikuhesabu wasomaji, zilihesabu oda za maduka. Yaani zilinihesabu mimi na wenzangu tulivyokisia. Komiki tunazonunua kwa kawaida hatuzirudishi. Zikibaki rafuni ni zetu, tutazila wenyewe. Oktoba 2014, Thor namba 1 ya Jane Foster ilipokuwa inakuja, niliongeza oda. Kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wamelalamika dukani miezi mitatu mfululizo, tangu ilipotangazwa Julai kwenye kipindi cha televisheni, na miaka ya kusimama kaunta imenifundisha kwamba mtu anayelalamika kiasi hicho atainunua aone. Waliinunua. Basi hasira ile kwenye takwimu inaonekana kama mapenzi.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa.

Watu wanawachanganya mashujaa wawili tofauti kabisa na kuwaita kwa jina moja, "mbadala". Kiswahili kimeshatupa maneno mawili: kaimu na mrithi. Kaimu mwalimu mkuu anakaa kwenye kiti, anatia saini, anapiga mhuri, anafoka gwarideni, na kila mtu hadi mlinzi wa getini anajua kiti si chake. Mrithi amepewa nyumba na ufunguo, mwenyewe yuko kaburini. Ukimkasirikia kaimu kwa kuwa si mwenye kiti, umeona kile ulichotakiwa kukiona. Ukimkasirikia mrithi, hilo ni jambo lingine, na sababu zake ni nyingine.

Jean-Paul Valley, yaani Azrael, alikuwa kaimu tangu siku ya kwanza. Mwaka 1993 mhalifu aitwaye Bane alimvunja Bruce Wayne mgongo katika Batman namba 497, na kufikia namba 500 Valley alikuwa ndani ya deraya la chuma lenye makucha, vyuma vya kurusha na moto. Kumbukeni ulikuwa wakati gani. Rafu zilijaa mashujaa wenye bunduki kubwa kuliko miili yao, na kulikuwa na wasomaji waliosema kwa sauti kwamba Batman amepitwa na wakati kwa kuwa haui. Dennis O'Neil, aliyekuwa akisimamia vitabu vyote vya Batman, akaamua na waandishi wake kuwapa watu hao walichokitaka, wakione kwa karibu, wakinuse. Hofu ya O'Neil ilikuwa kinyume na anavyofikiri mpwa wangu. Alihofia wasomaji wasije wakampenda huyu mpya! Kama wangempenda, ingemaanisha Batman aliyemfahamu yeye kweli hana tena watu.

Ukiisoma hadithi ukijua hivyo unaona jinsi kila kitu kilivyopangwa ili ukereke. Katika namba 508 muuaji anayeitwa Abattoir ananing'inia juu ya chungu cha chuma kilichoyeyuka. Valley anaweza kumvuta. Hamvuti. Kosa lenyewe ni kwamba Abattoir alikuwa amemficha mateka mahali ambapo yeye peke yake ndiye aliyepajua, na mateka yule anakufa kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Mwandishi anayetaka umpende kaimu wake hawezi kukuandikia ukurasa kama huo. Anakuandikia huo ili ufunge kitabu useme, "Bruce yuko wapi?"

Na Bruce anaporudi, katikati ya 1994, hampigi. Hili ndilo watu huwa wamelisahau, na mimi kila nikilisoma nasimama hapohapo. Ni Legends of the Dark Knight namba 63. Bruce anaingia kwenye pango chini ya nyumba yake, anapita kwenye upenyo mwembamba. Valley anamfuata, lakini deraya halipiti. Analivua kipande kimoja. Anasogea. Linakwama tena, anavua kingine. Yule mtu mkubwa wa vyuma anapungua kurasa kwa kurasa, mpaka anabaki kijana mwembamba na kofia yake yenye miwani ya kuonea gizani. Hapo Bruce anafungua mlango wa juu, jua la asubuhi linaingia, linampiga machoni. Valley anang'oa kofia na kukiri kwamba Batman ni Bruce. Hakuna ngumi. Ni mchana umefika tu.

Nioneshe shabiki mwenye hasira aliyeweza kuichora ile. Ule mwisho umefungwa na mwanzo kwa uzi mmoja: waliompa kijana deraya zito namna ile ndio waliochora upenyo mwembamba.

John Walker ni kaimu wa namna hiyohiyo. Mwandishi Mark Gruenwald alimvua Steve Rogers u-Captain America katika namba 332 mwaka 1987, akampa ngao mzalendo mwenye hasira, akairudisha kwa Steve katika namba 350. Doctor Octopus, yaani Otto Octavius, aliyeingia ndani ya mwili wa Peter Parker, Spider-Man mwenyewe, vilevile. Hii ya mwisho niliiuza mwenyewe, Amazing Spider-Man namba 700, siku moja baada ya Krismasi 2012. Watu wazima waliniwekea kitabu kaunta mikono ikitetemeka. Mwandishi Dan Slott alitishiwa kuuawa kwa ajili ya hadithi ile, binadamu mwenye familia, kwa ajili ya mtu wa kuchorwa! Lakini alikuwa ameanza kuipanda miaka kadhaa nyuma, tangu namba 600 ya 2009, pale Octavius alipoonekana mwili wake unakufa. Na Peter alirudi Aprili 2014, mwishoni mwa mfululizo wa Superior Spider-Man, wiki chache kabla ya filamu mpya ya Spider-Man kuingia kwenye majumba ya sinema. Nani asiyeliona hilo?

Basi, hao ni makaimu. Nimekwenda nao mbio kwa sababu kwao jibu ni rahisi. Kwa warithi, jibu si rahisi, na hapo ndipo napoteza usingizi.

Kuna mzee mmoja alikuja dukani na boksi refu la kadibodi, akaliweka kaunta kwa mikono miwili kama anayeweka mtoto. Ndani mlikuwa na Green Lantern kuanzia miaka ya 1960, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki na kadi ngumu nyuma, zimepangwa kwa namba. Nikawa nazipitisha kidole. Nikafika namba 49, ile ya jalada la Hal Jordan amevaa vidoleni pete alizowapora wenzake, halafu 50, halafu ukuta wa boksi. Nilimuuliza zilizobaki ziko wapi. Akaniambia hakuna zilizobaki. 1994 ndipo walipomharibu Hal, na yeye hakununua tena hata moja. Miaka 20 na ushei alikuwa ameitunza ile namba 50 mwishoni mwa boksi kama jiwe la kaburi.

Mzee yule hakuwa na deni lolote kwangu la kueleza huzuni yake. Namwamini. Lakini hata yeye aliniambia, akichukua fedha zake, kwamba kelele za mashabiki ndizo zilizomrudisha Hal. Nikamhesabia miaka. Kyle Rayner alivaa pete mwaka 1994. Mashabiki wa Hal waliunda kikundi kizima, H.E.A.T., wakaandika barua, wakadai. Hal akarudi na Green Lantern: Rebirth, iliyoanza 2004. Hiyo ni miaka kumi. Kama kelele zilikuwa na nguvu ya kumrudisha, zilikuwa zinangoja nini miaka yote hiyo? Kyle alibeba kitabu chake hadi namba 181. Kuna watoto walianza darasa la kwanza na Kyle wakamaliza sekondari naye.

Aliyemrudisha Hal ni Geoff Johns, mwandishi aliyempenda Hal, na ndiye baadaye aliyeandika The Flash: Rebirth, kitabu cha 2009 cha kurudi kwa Barry Allen, Flash wa zamani. Nadhani ukitaka kujua nani hurudisha mashujaa, angalia nani amepewa kalamu na alikuwa akimsoma nani alipokuwa mdogo. Mtoto aliyeumia anakua, anaajiriwa, anakaa mezani na wahariri. Labda hiyo nayo ni kelele, ila imepita mlango mwingine na imechukua muda mrefu sana.

Lakini kwa nini Kyle alichukiwa kiasi kile wakati Wally West, aliyerithi u-Flash miaka michache tu kabla yake, alikubaliwa? Wote vijana, wote wamechukua nafasi ya mtu mwema aliyependwa. Barry alikufa 1985, kifo cha heshima, akiokoa walimwengu. Wally akavaa vazi, na 1987 akapata kitabu chake. Na kwa miaka mingi Wally aliomboleza. Alikuwa mpwa wa mke wa Barry, alikuwa msaidizi wake, alimjua. Alivaa lile vazi jekundu akijiona hatoshi, na akatuambia hivyo. Alikaa nasi jamvini.

Hapo ndipo ninapopaona. Msibani kuna mtu anayekuja siku ya tatu kuulizia mali, na kuna mtu aliyelala chini na nyinyi usiku wa kwanza. Yule wa pili akipewa joho la marehemu, hata kama limempwaya, mtamvumilia. Kyle hakupewa nafasi ya kulala jamvini. Alikuwa kijana aliyetoka nje ya klabu ya usiku, akamkuta uchochoroni mgeni mfupi wa bluu aitwaye Ganthet, akapewa pete kwa kuwa hakukuwa na mwingine, basi. Hakumjua Hal. Hakuwa na cha kumlilia. Msomaji alikuwa na msiba mzito kuliko shujaa aliyekuwa akimsoma. Tena siyo msiba wa kawaida: Hal hakufa kwa heshima, aligeuzwa muuaji wa rafiki zake ndani ya matoleo matatu. Mnawaambia watu baba yenu alikuwa jambazi, halafu hapohapo mnawaletea baba wa kambo. Kyle hakuwa na kosa. Kyle ni mmoja wa vijana walioandikwa vizuri zaidi miaka ile, nami nitamtetea popote. Walioandaa mazishi ndio waliokosea.

Tim Drake ndiye ushahidi wangu mkubwa. Ila kumwelewa Tim lazima nipite kwa Jason Todd, na kwa Jason nitakaa kidogo kwa sababu yeye ndiye kila mtu anayenibishia humtoa mfukoni mwisho.

Ni kweli, kuna mara moja mashabiki waliamua wenyewe. Jason Todd alikuwa Robin wa pili, yaani kijana msaidizi wa Batman, mrithi wa Dick Grayson. Septemba 1988 kampuni ilitoa namba mbili za simu, moja ya kumwacha hai, moja ya kumuua. Laini zilikuwa wazi saa 36, kila simu senti 50. Waliopiga kutaka afe: 5,343. Waliotaka aishi: 5,271. Tofauti ni simu 72. Joker, adui wa Batman, akammaliza Jason katika Batman namba 428.

Mnasema: unaona, mashabiki walimkataa. Jamani, someni hizo tarakimu polepole. Simu 10,614 jumla, na hesabu ni ya simu, siyo ya watu. Mwenye fedha na kidole chenye subira aliweza kupiga mara mia. O'Neil mwenyewe alisimulia alichosikia, kwamba mtu mmoja aliipanga kompyuta yake ipige namba ya kifo mfululizo. Kama ni kweli, au kama ni uvumi tu, siwezi kuapa, lakini tofauti ya 72 ni ndogo kiasi kwamba uvumi huo unatosha kuitikisa. Na hata tukiihesabu kura ile kuwa safi kama maji ya mvua, karibu nusu walilipa fedha zao ili Jason aishi. Kurasa za yeye kuokoka zilikuwa zimeshachorwa. Huo siyo umma uliomkataa kijana. Huo ni umma uliogawanyika katikati, na laini ya simu haina kitufe cha "sijui".

Sasa mwaka uliofuata, 1989, mwandishi Marv Wolfman akawa na kazi ngumu kuliko zote: kuleta Robin wa tatu mbele ya wasomaji ambao nusu wamempigia simu ya kifo wa pili na nusu wanaomboleza. Alichofanya Wolfman nakifundisha kila anayeniuliza jinsi ya kuandika mrithi. Tim Drake hakuja kuomba kuwa Robin. Alikuja kumtafuta Dick Grayson arudi! Mtoto aliyemwona Dick kwenye sarakasi akiwa mdogo sana, akautambua baadaye mruko wake, akajua peke yake Batman ni nani, na akaona kwamba Batman bila Robin anaharibika. Anabisha mlango akisema yaleyale ambayo msomaji anayasema nyumbani. Dick anapokataa, ndipo Tim anavaa, kwa kuwa mtu lazima avae. Yaani shabiki ndani ya kitabu ndiye aliyerithi. Ungemchukiaje?

Miles Morales naye alilala jamvini. Mwaka 2011 Brian Michael Bendis na Sara Pichelli walimwandika mtoto aliyekuwa na nguvu kabla Peter hajafa na hakufanya kitu, na jambo hilo linamla. Anamwendea Gwen Stacy, rafiki wa Peter, kumuuliza kwa nini Peter alikuwa akifanya yale. Hapo anakuwa Spider-Man, kabla hajafunga vazi vizuri.

Lakini hasira juu ya Miles ililipuka kabla ya yote hayo. Alipoanza kuonekana, Agosti 2011, kulikuwa na kurasa chache tu za kusoma, na vyombo vya habari vilikuwa vimejaa watu waliochukia kwa niaba ya Peter Parker. Peter yupi? Aliyekufa alikuwa Peter wa mfululizo wa Ultimate, ulimwengu wa pembeni ulioanza 2000. Peter wa siku zote alikuwa akiendelea kutoka kila mwezi, rafu ileile, mkono wa kushoto. Sitazunguka hapa. Mtu ambaye hakuwahi kununua kitabu cha Ultimate, hakulalamika Octavius alipouiba mwili wa Peter, na anakasirika siku ya kwanza kwa kuona picha ya mtoto mweusi ndani ya vazi, huyo halii msiba wa Peter. Ni haki kumwambia hivyo usoni, nami nimeshamwambia zaidi ya mmoja.

Jane Foster aliyapata yote mawili, maombolezo na chuki, na mwandishi wake Jason Aaron alifanya kitu ambacho bado sijui nikipime vipi. Katika toleo la tano alimpa mhalifu mmoja maneno ya watu waliokuwa wakimtukana Jane, halafu Jane akamvunja taya. Wateja wangu walicheka. Nami nilicheka. Nilipokirudia baadaye niliona ukurasa ule umewaweka kapu moja wenye chuki na waliokuwa na huzuni tu ya kumkosa Thor wao, na wale wa pili hawakustahili ngumi ile. Wakati huohuo hadithi yenyewe chini yake ilikuwa ya heshima kubwa: mwanamke mwenye saratani, na kila akiishika nyundo mwili wake unasafishwa sumu zote, pamoja na dawa za tiba yake. Akiwa Thor ni mzima, akirudi kuwa Jane dawa zimeondoka na ugonjwa umebaki. Anajua, na bado anaishika. Kitabu kile hakikuhitaji kumjibu mtu yeyote.

Kuna sehemu moja inanisumbua katika hoja yangu yote, nayo ni Ben Reilly. Hadithi ya nakala za Spider-Man ilianza 1994 ikiwa ni ya muda mfupi, ikauza vizuri, watu wa mauzo wakataka irefushwe, ikarefushwa. Mwaka 1995 wakatangaza kwamba Peter tuliyemjua alikuwa nakala na Ben ndiye halisi. Kufikia mwisho wa 1996 wakageuza: Ben akafa, akasambaratika kuwa vumbi, na Peter akawa halisi tena. Hapa siwezi kupiga kalenda mezani nikaondoka. Mpango ulibadilika njiani mara nyingi, wahariri walibadilika, na hasira za wasomaji na za maduka zilikuwa chumbani wakati wanaamua. Zilikuwa na uzito gani ukilinganisha na kampuni iliyokuwa inazama kifedha? Nimesoma kila nilichopata na kila aliyekuwepo anasimulia vingine. Na Hal mwenyewe, mpango wake wa kwanza wa matoleo 48 hadi 50 ulikuwa umeshatangazwa kwa maduka, ukatupwa, ukaandikwa mwingine kwa haraka. Kwa hiyo kalenda yangu huvunjika pia. Huvunjwa na wenye ofisi kwa ajili ya mauzo mara nyingi kuliko inavyovunjwa na barua, lakini huvunjika.

Malalamiko nayo hufanya kazi, ila si yale ya "mrudisheni". Gruenwald alipompa John Walker msaidizi mweusi, Lemar Hoskins, alimwita Bucky, jina la msaidizi wa zamani wa Captain America. Dwayne McDuffie, mwandishi mweusi aliyekuwa akifanya kazi Marvel, kampuni ileile ya Gruenwald, akamweleza kwamba neno hilo, kwa mtu mweusi mzima Marekani, lina historia ya matusi tangu enzi za utumwa. Gruenwald hakubisha. Akaandika tukio ambamo mzee mmoja mweusi anamkalisha Lemar chini na kumweleza jambo hilohilo, na kutoka toleo la 341 kijana akawa Battlestar, na ngao yake. Lalamiko lilikuwa juu ya neno moja, lilieleza kwa nini linauma, na lilimfikia mwenye kalamu. Nimeona barua mia za hasira kwenye kurasa za mwisho za komiki za zamani na hakuna hata moja iliyofanya kazi kama ile.

Mpwa wangu aliuliza mwishoni mwa ujumbe wake asome nini baada ya Knightfall. Asome The Flash namba 73 hadi 79, za 1993, za Mark Waid. Wasomaji walikuwa wamemlilia Barry Allen zaidi ya miaka saba, na mwisho wa namba 73, usiku wa Krismasi, mlango unabishwa, Barry yuko nje. Nimekataa kumwambia kinachofuata, hata aliponipigia jana kwa video. Aanzie hapo, asifungue ukurasa wowote wa maelezo mtandaoni, na akifika namba 79 amtazame Wally anavyokimbia. Kisha anipigie, hata kama huku ni usiku.